Shemeji ananipa Jalen Green, anamtaka Derrick White. Nimwachie?

BARUA

Dada shikamoo. Naenda moja kwa moja manake hili jambo limeshakuwa kubwa hadi nyumbani. Tuko ligi ya fantasi ya NBA, yaani kila mtu anaunda timu ya wachezaji halisi wa kikapu wa Marekani na takwimu zao za mechi ndo zinampa ushindi, watu 12, wengi tulisoma pamoja na wengine ndugu, tunacheza ile ya timu kwa timu kila wiki, vipengele tisa, na kila mwaka kabla ya drafti (kuchagua wachezaji kwa zamu) unaruhusiwa kubaki na wachezaji watatu wa msimu uliopita. Anayeshika mkia anatoa mbuzi. Mimi sijawahi kutoa mbuzi ila na ubingwa nao sijaugusa, naishiaga kwenye mtoano tu.

Watatu wangu wa kubaki nao msimu huu wa 2025–26 ni Domantas Sabonis, Devin Booker na Derrick White wa Boston. Sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amekuja na ofa, nimpe White yeye anipe Jalen Green, mmoja kwa mmoja. Hoja zake ni kwamba Green ana miaka 23, alichukuliwa namba mbili kwenye drafti ya NBA ya 2021, msimu uliopita kapiga pointi 21 kwa mechi, wakati White ana miaka 31 na pointi zake 16, na tena alichukuliwa namba 29 huko. Kwenye grupu wote wako upande wake, wanasema White ni mtu wa kuwasaidia wakubwa, sio mkubwa mwenyewe. Kuna mmoja yuko ligi nyingine ya kuhesabu pointi tu, huyo ndo kabisa, anasema kule White anabaki kwenye drafti mpaka watu wanachoka.

Mi nampenda White ila kusema ukweli siwezi kueleza kwa nini. Nikiamka asubuhi nikaangalia nakuta pointi 15, ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) 4, asisti (pasi ya bao) 5, hakuna kitu cha kupiga kelele. Afu wenzake wa Boston, Tatum kaumia, Holiday na Porziņģis wameondoka, sijui hiyo ni nzuri kwake au ndo anaenda kuzama. Mke wangu naye anasema mpe tu kaka yangu, mchezo gani huo wa kuwanyima ndugu.

Nisaidie dada. Huyu jamaa ana thamani gani hasa? Na nikikataa nakataaje?

Mdau, Mbezi

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Usimpe. Nakwambia mapema ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia, manake naona grupu lishakutikisa.

Kwanza tuweke pembeni ile hoja ya pointi 21 kwa 16, kwa sababu ndo inayowachanganya wote. Ligi yenu ina vipengele tisa na pointi ni kimoja tu. Kimoja kati ya tisa! Vingine ni ribaundi, asisti, stili (kumpora mpinzani mpira), bloku (kuzuia shuti la mpinzani), mashuti ya pointi tatu, asilimia ya mashuti, asilimia ya mitupo huru, na tanova (kupoteza mpira) ambazo mwenye chache ndo anashinda. Sasa chukua msimu wa 2024–25 uwaweke hawa wawili upande kwa upande. Pointi, Green 21.0 na White 16.4, hapo shemeji kashinda, hakuna ubishi. Ribaundi 4.6 kwa 4.5, hiyo ni sare. Stili wote 0.9, sare tena. Asisti White 4.8, Green 3.4. Za mbali, yaani zile za pointi tatu, White anaingiza 3.5 kila mechi, Green 2.9. Bloku White 1.1, Green 0.3. Asilimia ya mashuti White 44.2, Green 42.3, na Green anapiga mashuti mengi zaidi kwahiyo hiyo asilimia yake ndogo inaizamisha timu yako nzima kuliko namba inavyoonekana. Mitupo huru White karibu 84, Green 81. Tanova White 1.7, Green 2.5. Hesabu mwenyewe, White anaongoza sita, sare mbili, anapoteza moja, na ile moja ndo wanayokuimbia kwenye grupu.

Na hata hiyo pointi tuipime vizuri. Tofauti yao ni kama pointi tano kwa mechi, wiki ya mechi nne inakuwa 18 hivi. Timu ya ligi ya watu 12 kwa wiki inakusanya zaidi ya pointi mia tano, kwahiyo 18 ni tone, unaweza kuzifidia na mtu yeyote wa mwisho benchi akipata usiku mzuri. Bloku sasa, wiki hiyohiyo ya mechi nne White anakupa tatu zaidi ya Green, na timu nzima kwa wiki inapata bloku ishirini tu hivi, labda pungufu. Bloku tatu kati ya ishirini mara nyingi ndo kushinda au kushindwa kipengele chenyewe jumapili usiku. Hiki ndo kitu watu hawakioni, thamani ya kitu kwenye fantasi inategemea kinapatikana kwa shida kiasi gani, na pointi zimejaa kila mahali, timu nyingi za NBA zina watu wawili watatu wa kukupa 15 na zaidi.

Bloku kutoka kwa gadi, yule mfupi anayechezesha timu, ni adimu mno. Sisi Watanzania bloku tumezijua kupitia kwa Hasheem Thabeet, mtu wa futi saba na ushei, alichukuliwa namba mbili kwenye drafti ya 2009, mbele ya Harden aliyekuwa wa tatu na Curry aliyekuwa wa saba, na kilichompeleka juu kiasi hicho ni kuzuia mashuti alipokuwa chuo cha Connecticut. Ndo picha tuliyonayo kichwani, bloku ni kazi ya mrefu. White ana futi sita na inchi nne, na bado msimu wa 2023–24 alikuwa na 1.2 kwa mechi na uliofuata 1.1. Ukitazama mechi za Boston utaona zinatoka wapi, mpinzani anamkimbia anadhani kashampita, anainua mpira kwa lay-up (shuti la chini ya kikapu) na White anafika kutoka nyuma, au anatoka upande wa pili wa ubao wakati kila mtu anamwangalia mwenye mpira. Huyu mtu aliingia timu ya pili ya walinzi bora wa NBA mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, na kujua asimame wapi hakuishi mtu akifika miaka 31. Kasi ikipungua kidogo macho yanabaki.

Nigusie na hiyo namba 29 ya drafti manake naona shemeji anaitumia kama ushahidi. White alipomaliza sekondari vyuo vikubwa havikumtaka, akaenda chuo kidogo cha Colorado Springs cha daraja la pili, akacheza miaka mitatu, ndo akahamia Colorado yenyewe kwa msimu mmoja na San Antonio wakamchukua 2017. Boston wakamnunua Februari 2022. Tangu hapo ana pete ya ubingwa ya 2024, ana dhahabu ya Olimpiki ya Paris mwaka huohuo akiwa kaitwa kuziba nafasi ya Kawhi Leonard. Kwenye fantasi hakuna kipengele kinachoitwa namba ya drafti. Ile namba ilikuwa na maana usiku ule wa 2017 tu.

Ila kuna jambo moja namtetea Green, na nawe ukiongea na shemeji liseme, usimponde mchezaji wake. Green hakosi mechi. Misimu miwili mfululizo kacheza zote 82, na kwetu huku hiyo ina thamani kubwa kuliko wanavyojua wenzetu wa Marekani, kwa sababu mechi ya Boston nyumbani msimu wa baridi inaanza saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu, mtu akitolewa dakika za mwisho wewe umelala, kikosi kimefungwa, unaamka na sifuri. Kwahiyo mchezaji asiyekosa ni bora mara mbili kwa meneja wa Mbezi. Sasa White naye ukimwangalia, 2022–23 mechi zote 82, halafu 73, halafu 76. Hapa hawapishani sana. Nisingekushauri kumkataa Green kwa kigezo hicho, wala nisingekushauri kumchukua kwa hicho.

Haya, tuje kwa timu yako, na hapa ndo nasema bila kuyumba kwamba hii tredi (kubadilishana wachezaji) haikufai wewe hata kama ingemfaa mtu mwingine. Unaye Sabonis. Sabonis ni mashine ya ribaundi, misimu mitatu mfululizo ameongoza NBA nzima, anakupa asisti sita ambazo senta wengine (wale warefu wa karibu na kikapu) wanaziota, mashuti yake asilimia 59. Lakini habloku! 0.4 kwa mechi, senta. Kila mwenye Sabonis anaanza msimu akiwa na shimo kwenye bloku, na za mbali pia anaingiza chache sana. Sasa niambie, unataka gadi gani pembeni ya senta wa namna hiyo? Unataka gadi anayebloku na anayefyatua za mbali. Yaani White anaziba kilekile Sabonis anachokosa, na Sabonis kwa asilimia yake ya mashuti anafunika ile 44 ya White ambayo ndo udhaifu wake pekee wa kweli. Wewe umepata mchanganyiko ambao watu wanautafuta kwenye drafti wanaukosa, afu unataka kuuvunja kwa sababu ya kelele.

Booker naye ni pointi 25 na asisti 7, kwahiyo mfungaji unaye. Na Green amehamia wapi msimu huu? Phoenix, kwa Booker, kwenye ile tredi kubwa iliyompeleka Durant Houston. Sasa fikiria, wawili kati ya watatu wako wa kubaki nao wanatoka timu moja, wanagombea mpira mmoja, wakiwa na wiki ya mechi mbili wote wawili wana mechi mbili, na Suns (ndo hao Phoenix) wakikutana na ulinzi mgumu wote wawili wanaingiza mashuti 6 kati ya 19 usiku mmoja na asilimia yako ya wiki imekwisha jumatatu. Mi sipendi kabisa meneja kuweka mayai hivyo kwenye watatu wake wa kwanza.

Huyo rafiki yako wa ligi ya kuhesabu pointi na yeye nimpe jibu, manake hata kule hayuko sahihi sana. Mfumo wa kawaida wa Yahoo, mtandao wa kuchezea fantasi, unakupa 1 kwa pointi, 1.2 kwa ribaundi, 1.5 kwa asisti, 3 kwa stili, 3 kwa bloku, na unakukata 1 kwa kila tanova. Weka namba za 2024–25 humo, White anatoka na 33 na ushei kwa mechi, Green anatoka na karibu 33. Wako sawasawa, White kamzidi nywele. Kwahiyo hata kwenye mfumo unaowapendelea wafungaji huyu anayeitwa mtu wa kuwasaidia wakubwa anafika palepale, na akifika kwenye vipengele tisa anampita mbali. Kama huko kwao White anabaki mpaka watu wanachoka basi mwambie rafiki yako amchukue mapema kidogo kabla hawajashtuka.

Sasa swali lako gumu, msimu huu bila Tatum. Hapa nitakupa maoni yangu na uyachukue kama maoni. Tatum alichanika kano ya kisigino Mei 2025 kwenye mechi ya nne dhidi ya Knicks, Holiday kaenda Portland na Anfernee Simons kaja upande huu, Porziņģis kaenda Atlanta, Kornet kaenda San Antonio. Hiyo ni mipira mingi sana imebaki bila mwenyewe. Jaylen Brown atachukua fungu kubwa, Pritchard na Simons watafyatua, lakini White lazima apande, pointi nategemea zisogee, asisti zisogee, na kwa mbali tayari ana leseni, msimu uliopita aliingiza 265, hakuna aliyewahi kuingiza nyingi hivyo ndani ya msimu mmoja kwenye historia ya Celtics, yaani hao Boston, na ni klabu ya gwiji Larry Bird hiyo. Unakumbuka ile mechi ya Machi 2025 dhidi ya Portland, yeye 41 na Pritchard 43 usiku mmoja? Uwezo wa kufunga anao, alikuwa hauhitaji kila siku.

Gharama yake ni asilimia. Mashuti mengi ya White yalikuwa yanakuja akiwa huru, kwa sababu walinzi wawili wako kwa Tatum na senta wa mpinzani katolewa nje na Porziņģis. Zaidi ya theluthi mbili ya mashuti yake ni ya mbali, na mtu wa namna hiyo akianza kuchungwa yeye kwanza asilimia inashuka, inaweza kushuka chini ya ile ya Green hata, usije ukashangaa Novemba ukaniandikia tena. Tanova nazo zitapanda. Ukiona hivyo angalia bloku, asisti na za mbali kama zipo palepale, kama zipo tulia, Sabonis atabeba asilimia.

Kitu ambacho kwa kweli kinanipa wasiwasi ni Machi. Kama Boston watakuwa wamepoteza mechi nyingi na hawana cha kugombania, wanaweza kuanza kuwapumzisha wakubwa wao, na mechi zenu za mtoano za fantasi ziko wiki hizohizo. Kwahiyo Februari, kabla ligi yenu haijafunga tredi, kaa chini uangalie msimamo wa kanda ya Mashariki waliko Boston. Kama Celtics wako kwenye mapambano, endelea naye. Kama wamekata tamaa, hapo ndo umuuze, na wakati huo atakuwa na pointi za kumpendeza shemeji kabisa. Kumbuka fantasi haihesabu mtoano wa NBA wenyewe, lile bao la White la Mei 2023 kule Miami, sekunde 0.1 imebaki, 104 kwa 103, ndo lililofanya dunia imjue, ila kwako wewe halina hata pointi moja. Wewe unamtaka wa Oktoba hadi mwisho wa Machi.

Kuhusu umri, sawa, Green ni mdogo kwa White kwa miaka minane na hilo shemeji yuko sahihi. Kama ligi yenu ingekuwa ya kubaki na wachezaji kumi milele ningefikiria upya. Ila mnabaki na watatu tu kila mwaka, na mwakani unachagua tena, kwahiyo unachonunua hasa ni msimu mmoja, labda miwili. Miaka 23 unailipia bei ya nini kama hutaishi nayo?

Kumjibu sasa. Shemeji ni shemeji, usimjibu kwenye grupu mbele za watu, mpigie au mkikutana nyumbani mwambie kwa upole kwamba umefikiria, Green ni mchezaji mzuri ila timu yako ina Booker wa Phoenix tayari na Sabonis habloku, kwahiyo haikai. Hiyo ni sababu ya timu yako, haimdharau yeye wala mchezaji wake. Usimpe somo la zile sita kwa moja, hesabu hizo baki nazo mwenyewe, manake huyu bado utafanya naye biashara misimu mingi na hakuna faida kumfundisha mpinzani thamani ya bloku. Afu mpe ofa yako, usimwache mikono mitupu. Angalia kwenye kikosi chake kama ana senta kijana anayebloku au mtu wa mbele wa stili ambaye haamini thamani yake, mwambie utampa nafasi yako ya drafti ya raundi ya kati. Akikubali umeongeza nguvu palepale ulipo na nguvu na shimo la Sabonis limezibika kabisa.

Na mama watoto mweleze kwamba kaka yake hajanyimwa kitu, kaombwa abadilishane kwa bei nyingine. Akikubali kuongea bei hata yeye atafurahi. Orodha ya watatu wako iandike leo, Sabonis, Booker, White, uitume kwa msimamizi wa ligi kabla ya tarehe yenu, kisha drafti ikianza tafuta mtu wa stili raundi ya nne au ya tano, manake hao watatu wako wote stili zao ni za kawaida tu na hapo ndo naona timu yako itasumbuka.